Risasi Iliyoimba Mara Mbili

Bendera nyekundu ilikuwa juu ya mlingoti, na katika bonde lile la Nevada kila mtu alijua maana yake: watu wanapiga risasi, kaa mbali. Kwa hiyo Nell Ugalde alipoona vumbi likitimka nyuma ya lango, kisha gari la mizigo la rangi ya maziwa likija moja kwa moja kuelekea uwanjani, alidhani macho yanamdanganya.

"Simama! Royce, usivute!" alipiga kelele.

Binamu yake Royce alikuwa ameshika ncha ya kamba. Ncha ya pili ilikuwa imefungwa kwenye kifyatulio cha bunduki kuukuu ya marisau, nayo bunduki ilikuwa imefungwa kwa minyororo juu ya fremu ya chuma yenye matairi mawili. Waliiita Bibi. Kazi ya Bibi ilikuwa kumeza risasi ambazo hakuna mwenye akili timamu angezipiga na bunduki iliyo begani mwake, na asubuhi hiyo alikuwa amemezeshwa ganda lililoshindiliwa meno ya bandia, zawadi ya mtazamaji mmoja aliyekuwa fundi wa meno huko Ohio.

Royce aliiachia kamba kana kwamba imemuunguza. Alitema maganda ya mbegu za alizeti. "Huyo naye ni nani? Kipofu?"

"Labda amekuja kufuata meno yake," Nell alisema.

Gari lilisimama kando ya meza yao. Akashuka mzee mrefu mwembamba, kofia imefifia kwa jua, vifaa vidogo vya kusikia nyuma ya masikio yote mawili. Mkononi alikuwa na kopo la kahawa lenye mfuniko, amelikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga.

"Endeleeni tu," alisema. "Mimi sina haraka."

"Mzee, hukuiona bendera?" Royce aliuliza.

"Nimeiona. Ndiyo iliyonionyesha mlipo. Nimezunguka bonde hili mpaka mafuta yamekaribia kwisha."

"Bendera ile inasema usije!"

"Inasema hivyo kwa watu wasiotaka kuwaona. Mimi nilitaka kuwaona."

Nell alicheka bila kutaka. Royce hakucheka. "Watu wa huku hupiga simu kwanza, mzee wangu."

"Ningepiga simu mngesema hapana." Akanyoosha mkono. "Verlin Pruitt. Nimewatazama kila Jumamosi jioni tangu mlipokipiga risasi kinanda kile. Mimi na mke wangu. Wewe ndiye Royce, mwenye msumeno. Na wewe," akamgeukia Nell, "wewe ndiye sauti inayocheka nyuma ya kamera."

Ni kweli, watazamaji hawakuwahi kumwona Nell. Chaneli yao iliitwa Kata Tuone. Watu kutoka pande zote walitengeneza vitu vya ajabu vya kurusha kwa bunduki: vibonge vya nta, vishikizo vya koti, sanamu ndogo za madini ya risasi yaliyoyeyushwa jikoni, peremende za Krismasi. Royce alivipakia na kuvipiga, Nell alivinasa kwa kamera inayoweza kulifanya jambo la kufumba na kufumbua likachukua dakika nzima. Kisha, mwisho wa kila video bila kukosa, Royce alikichukua kile kilichobaki, akakibana kwenye msumeno wa umeme, akakipasua katikati na kusema, "Haya, tuone kilichomo tumboni!" Watoto waliiga maneno yale shuleni. Mwanzoni watazamaji walikuwa wengi kama mchanga. Mwaka huu walikuwa wamepungua mno, na Royce alikuwa ameanza kuzungumzia kazi ya mgodi wa dhahabu. Alisema akimaliza kiangazi hiki bila video moja ya kuwashangaza watu, anakwenda kuendesha malori ya mgodini.

Verlin aliweka kopo mezani na kulifungua. Ndani, katikati ya pamba, kulikuwa na ganda moja tu la bunduki ya marisau, jekundu, na kutoka mdomoni mwake kilichungulia kichwa cha shaba kinachong'aa, kimekerezwa vizuri kama kete ya mchezo.

"Aliitengeneza Ardith, mke wangu," alisema. "Tulikuwa na karakana, tunatengeneza pampu na mashine za kufunga majani. Kila ukumbusho wa harusi yetu, mmoja alimkerezea mwenzake risasi moja. Ilikuwa mchezo wetu. Unapewa, unaambiwa itafanya nini ikiruka, halafu unakisia imetengenezwaje. Huruhusiwi kuifungua mpaka ukisie. Ukishindwa kabisa ndipo unapasua, na unapasua huku mwenzako anakucheka, kisha unaosha vyombo mpaka akuonee huruma."

"Nani aliosha zaidi?" Nell aliuliza.

"Unaiona mikono hii? Imelainika kwa sabuni."

Royce naye alicheka sasa. Alivuta kiti, akakaa kinyumenyume. "Na hii inafanya nini?"

"Alisema itaimba mara mbili." Verlin alilitazama ganda lile. "Risasi yenye tundu hupiga mluzi, hilo tulilijua zamani. Mluzi mmoja. Lakini mara mbili? Itanyamaza vipi, halafu ianze tena, ikiwa hewani, hakuna mtu wa kuigusa? Nilikisia mwezi mzima. Akawa ananiambia, hapana Verlin, hapana Verlin, huku anakunywa kahawa yangu. Halafu mwezi uliofuata moyo wake ukasimama."

Upepo ulipita kwenye vichaka vya kijivu, bendera ikapiga mlingoti.

"Pole sana, mzee," Nell alisema.

"Asante, mwanangu. Basi mimi siwezi kuipiga mwenyewe. Bega limekwisha, na hata ningeweza, nisingeona kitu. Ninyi mna kamera. Ipigeni, muiweke kwenye video yenu, sioni haya. Sharti langu ni moja." Akamwangalia Royce moja kwa moja. "Msiikate."

Royce aliacha kutafuna. "Lakini mzee, chaneli yenyewe inaitwa Kata Tuone."

"Najua inavyoitwa. Ndiyo maana nimeileta kwa mkono wangu. Vinavyokuja kwa posta mnavikata."

"Watu wataniua. Wataandika, mbona hamkukata, mbona hamkukata, mpaka mwakani."

"Royce," Nell alisema.

"Nasema ukweli tu!"

"Na mimi nakwambia ukweli wangu," mzee alisema, si kwa ukali. "Tumeishi pamoja tangu nikiwa na nywele. Hiki ndicho kitu cha mwisho alichoniambia ambacho sijakielewa. Siku kitakapopasuliwa, tutakuwa tumemaliza mazungumzo. Sijatoa mji bado, na sitaki mtu mwingine anitolee."

Nell alimtazama. Yeye alikuwa mtu wa kutaka kujua. Utotoni alifungua saa ya babu yake, akafungua redio, akafungua hata kaburi la sungura wake kuona kama bado yumo. Kukaa na swali bila jibu kulimwasha kama upele. Na huyu hapa mtu aliyeendesha gari jangwani ili aombe swali lake liachwe zima.

"Hatutaikata," alisema. "Ninaahidi mimi. Utaondoka nayo kama itakavyotua."

"Na wewe?" Verlin alimuuliza Royce.

Royce alitikisa kichwa kukubali, mdomo umejaa mbegu tena. "Haya, haya. Neno la dada ni neno langu."

Meno ya bandia yalitolewa mdomoni mwa Bibi na kuwekwa kando. Royce alipanda pikipiki yake ya magurudumu manne, akashuka hadi mwisho wa uwanja, akabandika karatasi mpya ya shabaha kwenye fremu ya mbao, na nyuma yake akapanga mapipa ya plastiki yaliyoshindiliwa mazulia ya zamani na matambara, ili kitu kitue polepole bila kuumia. Verlin alitoa kwenye gari lake mkate mtamu wa mahindi uliofungwa kwa karatasi, akawakatia vipande. Alisema ameuoka mwenyewe, naye hajui kuoka. Hakuwa amedanganya.

Nell aliitengeneza kamera yake. Kamera ile ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na kasoro moja ambayo kila aliyewahi kuitumia aliijua: ilichokiona ilikishika kichwani tu. Ilitaka muda wa kukihamisha polepole kwenye kompyuta, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kila kitu kilifutika kana kwamba hakikuwahi kuwepo. Betri yake ilikufa majira ya baridi, hivyo sasa iliishi kwa waya uliotoka kwenye jenereta. Jenereta hiyohiyo ililisha msumeno wa Royce, uliokuwa ndani ya banda la mabati hatua chache nyuma yao. Kando ya karatasi kule mbele Nell aliweka kinasa sauti, kidogo kama sabuni ya hotelini, chenye betri zake.

"Ni moja tu," alijiambia. "Hakuna kurudia."

Walivaa vifunika masikio. Verlin alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

Royce akavuta kamba.

Bibi alikohoa moshi. Na juu ya mlio, hata kupitia vifunika masikio, kilipita kitu chembamba, cha kasi, cha ajabu, fyuu-wii, kikaisha kabla mtu hajajua kama amekisikia. Karatasi ilitetemeka. Pipa la kwanza likayumba.

"Imeimba!" Royce alirukaruka. "Nell, umeisikia? Imeimba, mama yangu!"

"Mara ngapi?" Verlin aliuliza, amekwisha vua vifunika masikio, anahangaika na vifaa vyake vya kusikia. "Mara ngapi? Mimi nimesikia kitu, sijui mara ngapi."

"Sijui. Ilipita haraka." Nell alibonyeza kitufe cha kuhifadhi, na mstari mdogo wa kijani ukaanza kujaa kwenye kompyuta, pole kama asali ya baridi. Angeweza kuitazama palepale. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Akakiondoa. "Mzee, tuitazame pamoja ikimaliza kuhama. Itachukua muda kidogo."

"Basi ngoja nikaone tundu," Verlin alisema. "Ardith angetaka kujua kama imekwenda sawa."

"Panda nikupeleke," Royce alisema, amekwisha kaa kwenye pikipiki.

"Nimekaa kitako tangu asubuhi. Nitatembea."

Royce akatimka mbele yake, vumbi nyuma. Nell alimwona akiinama juu ya mapipa, akichomoa matambara, akiinua kitu kinachong'aa juu ya kichwa chake kama mvuvi wa mashindano. Akarudi kwa kasi, akimpita mzee aliyekuwa hajafika hata nusu ya njia. Alipita meza akipaza sauti, "Nzima! Haina hata mkwaruzo!" akaingia bandani.

Nell aliangalia mstari wa kijani. Ulikuwa umefika katikati. Alikuwa akifikiria sauti ile. Fyuu. Wii. Kati yake kulikuwa na pengo, au ni masikio yake? Kama kuna pengo, kitu ndani yake kilihama. Kitu kilizimwa na kingine kikawashwa. Na hewani, wakati inazunguka...

Nyuma yake msumeno ukaanza kunguruma.

Aligeuka. Mlango wa banda ulikuwa wazi. Royce alikuwa amesimama na miwani yake ya kazi, vifunika masikio kichwani, mgongo nusu umemgeukia, mabega yakicheza kidogo kama yalivyocheza kila mara. Kwenye jiriwa, kile kibanio cha chuma chini ya mkono wa msumeno uliokuwa ukishuka polepole, kitu cha shaba kiling'aa.

"Royce!" Nell alipiga ukelele. "Royce!"

Hakusikia. Asingesikia hata mbingu ikianguka. Miaka yote hiyo, pipani hadi jiriwani, mikono yake haikuwahi kufuata njia nyingine. Msumeno ulishuka.

Banda lilikuwa mbali kwa hatua chache, na hatua hizo zilikuwa nyingi mno. Jenereta ilikuwa miguuni pake.

Aliuona mstari wa kijani. Ilibaki sehemu ndogo. Alijua kabisa anachokwenda kufanya, na alijua hakuna mtu duniani atakayeuona tena mruko ule, si yeye, si mzee, si watazamaji waliobaki. Akapiga swichi kwa kisigino cha buti.

Jenereta ilikata roho. Msumeno ukalia chini, chini zaidi, ukanyamaza. Kwenye kompyuta mstari ulisimama, kisha kukatokea maandishi meupe kwamba kamera haipatikani.

Royce alitoka bandani akivua vifunika masikio. "Umeme umefanya nini?" Akamwona uso wake. Akageuka kutazama jiriwa. Rangi ilimtoka. "Mungu wangu. Nell. Mimi... mkono ulikwenda wenyewe. Wallahi sikufikiria. Nilikuwa nawaza sauti ile tu."

"Imekatika?"

Alikimbilia ndani, akarudi nayo kiganjani. Ubavuni kulikuwa na mchubuko, mwembamba kama ukucha. Basi.

"Na video?" Royce aliuliza kwa sauti ndogo.

Nell aliigeuza kompyuta, na Royce akayasoma maandishi meupe. Alikaa chini palepale vumbini, ameshika kichwa. Kule mbele Verlin alikuwa amefika kwenye karatasi. Alikuwa amechomeka kidole kwenye tundu na kukitazama upande wa pili.

"Nisikilize," Royce alisema. Hakumtazama usoni. "Picha hatuna. Ile ndiyo ilikuwa video ya kutuokoa, na hatuna. Lakini kinasa sauti kipo. Tukiwa na sauti na tumbo lake, tuna video. Tayari imechubuka. Tunamwambia ilikuwa ajali. Na ilikaribia kuwa ajali kweli! Mzee hatatukasirikia, ana roho nzuri yule."

"Ndiyo maana hatumdanganyi."

"Hutaki kujua? Wewe? Wewe uliyefukua sungura?"

Nell aliichukua risasi ile. Ilikuwa bado na uvuguvugu. Mbele ilikuwa na vitundu vitatu vidogo, na nyuma kulikuwa na mstari mwembamba sana uliozunguka mwili wote, kama kifuniko kilichofungwa na mtu mwenye subira. Hakuweza kujizuia. Aliiweka sikioni akaitikisa.

Tk.

Kitu kilikuwemo ndani. Kitu kidogo, chepesi, kilichokwenda upande mmoja lakini hakikurudi mpaka uigeuze. Bila hata ya msumeno, kwa koleo mbili na nguvu kidogo, kifuniko kile kingezunguka na angejua. Kingefungwa tena na hakuna ambaye angetambua. Alisimama hivyo, na kwa kitambo alikuwa mtoto mwenye bisibisi mbele ya saa ya babu yake.

"Nataka kujua kuliko unavyodhani," alisema. Akaifunga ndani ya ngumi. "Chukua pikipiki, kakilete kinasa sauti. Na ukamwambie mzee mwenyewe kuhusu msumeno."

"Mimi?"

"Mkono uliokwenda wenyewe ni wa nani?"

Royce alikwenda. Nell aliwaona wakisimama pale kwenye karatasi, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Royce alivua kofia. Verlin alimsikiliza kichwa kimeinama upande mmoja, kisha akampiga bega, kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, akakubali kupanda pikipiki.

"Huyu ananiambia umeizima kamera yako," alisema aliposhuka.

"Nilichelewa kidogo. Ina mchubuko."

"Na picha?"

"Imepotea, mzee. Samahani. Ulikuja kuiona, na hutaiona."

Verlin alikuwa na haki ya kusikitika, na alisikitika, ilionekana kwenye midomo yake. Nell hakutafuta maneno ya kumfariji. Aliunganisha kinasa sauti na kompyuta, iliyokuwa bado hai kwa betri yake, akaipunguza sauti mwendo mpaka ikaburuta, akamvalisha mzee spika za masikioni.

Alimwangalia akisikiliza. Kwanza uso haukuwa na kitu. Kisha nyusi zikapanda. Kisha akainua kidole kimoja, akakishikilia hewani. Alingoja. Akainua cha pili.

"Kuna kimya katikati," alinong'ona. "Wa kwanza mzito, halafu kimya, halafu wa pili mwembamba. Rudia."

Nell alirudia. Akarudia tena. Royce aliwasha jenereta taratibu, akawatilia kahawa, hakusema hata neno moja la mzaha.

"Mlango," Verlin alisema mwishowe, akivua spika. Macho yalikuwa yamelowa, lakini alikuwa akicheka. "Mwanamke yule ameweka mlango. Sijui unafunguliwa na nini. Ila nilikuwa nawaza tundu muda wote huu, kumbe niwaze mlango. Nina kazi majira yote ya baridi."

"Tutaiweka sauti mtandaoni," Nell alisema. "Sauti peke yake. Tutasema kitendawili hakijateguliwa, na wasituulize kilichomo tumboni."

"Watatutukana," Royce alisema.

"Watutukane."

Nell alifungua ngumi. Risasi ilikuwa imeacha alama ya duara kwenye kiganja chake. Aliiweka kwenye kiganja cha mzee, naye akapitisha kidole gumba juu ya mchubuko, mara moja, kama mtu anayefuta kioo cha miwani.

"Umeitikisa," Verlin alisema. Hakuwa anauliza.

Nell aliona haya. "Nimeitikisa."

"Umesikia kitu?"

"Nimesikia."

"Usiniambie."

Ulimi wake ulikuwa umebeba lile *tk*, na namna kilivyokwenda upande mmoja bila kurudi, na wazo lililokuwa limeanza kuchipua kichwani mwake ambalo lingemwokolea mzee yule nusu ya majira ya baridi, na ambalo yeye mwenyewe angetoa chochote kulijua kama ni sahihi. Verlin aliilaza risasi kwenye pamba, akafunga kopo, akapanda gari. Kabla ya kuwasha alimtazama dirishani, akingoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuteleza ulimi.

Nell alimpungia mkono, mdomo wake umefungwa.